Uzi: Mshumaa wa nta ya soya kwa anayeanza, utambi kwanza na manukato baadaye

Nta na Utambi (Njiro, Arusha)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitengeneza mishumaa ya nta ya soya jikoni kwangu, na watu wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza karibu wote swali moja: ni manukato gani mazuri? Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu swali hilo, ingawa si baya, huja mapema mno. Mshumaa unaonukia vizuri ukiwa umefunikwa, kisha ukazimika wenyewe dakika ishirini baada ya kuwashwa, haumsaidii mtu yeyote, na kosa hilo halitoki kwenye manukato hata kidogo. Linatoka kwenye utambi ambao haukulingana na chombo.

Utambi wenyewe hauungui sana. Kazi yake ni kunyonya nta iliyoyeyuka na kuipandisha hadi kwenye mwali, ambako joto huigeuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi ukiwa mwembamba kuliko chombo kinavyohitaji, mwali huyeyusha nta ya katikati peke yake, hutoboa shimo mfano wa kisima, na mwishowe huzama humo ukazimika huku nta nzuri ikiwa imebaki imeganda kwenye kuta za glasi. Ukiwa mnene kupita kiasi, huvuta nta nyingi kuliko mwali unavyoweza kuimaliza, moto huanza kurukaruka, masizi hupaka mdomo wa glasi, na glasi yenyewe hupata joto la kutisha. Mishumaa yangu kumi ya kwanza, niliyoitengeneza kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu, yote ilikuwa visima. Meza ya wageni ilipendeza kwa nusu saa, kisha mishumaa ikaanza kuzimika mmoja baada ya mwingine, na wifi yangu akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeipanga hivyo.

Kuhusu nta yenyewe, mafuta ya maharage ya soya huongezwa hidrojeni kiwandani hadi yakawa magumu katika joto la kawaida. Ni nta changa ukilinganisha na ndugu zake, kwani Mmarekani Michael Richards ndiye anayetajwa kuianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati parafini itokanayo na petroli ilikuwa imekwisha kutawala na nta ya nyuki ilikuwa ghali. Soya inalimwa hapa nchini, hasa Ruvuma na nyanda za juu kusini, lakini vipande vyeupe tunavyoyeyusha mimi huviagiza Nairobi, vikapitia Namanga. Unapoagiza, sema wazi kwamba unataka nta ya mishumaa ya ndani ya chombo. Nta hiyo ni laini na huyeyuka katika nyuzi joto 46 hadi 55 hivi za Selsiasi, kwa hiyo usitarajie kuimwaga kwenye kalibu ukapata mshumaa wa kusimama wenyewe kama ule wa dukani tunaouwasha umeme ukikatika.

Vifaa ni vichache. Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu, sufuria kubwa, jagi la chuma linaloingia ndani ya sufuria hiyo, kipimajoto cha jikoni, glasi nene, na tambi za pamba zilizofungwa kwenye vijibati vya mviringo vya kukalia chini ya glasi. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa sababu kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka. Nataja hili kwa kuwa kuna jirani yangu aliyejaribu. Glasi nyembamba za maji ya kunywa ziacheni pia. Chupa nene ya jamu iliyosafishwa na kukaushwa kabisa ni shule nzuri kuliko glasi ya maua.

Ili ujue nta ya kupima, weka glasi tupu juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina maji hadi pale unapotaka nta ifike, ukiacha nafasi ya sentimita moja au zaidi juu. Uzito wa maji hayo zidisha mara 0.86, kwa sababu nta ya soya iliyoyeyuka ni nyepesi kuliko maji. Glasi yangu hushika gramu 200 za maji, kwa hiyo inataka gramu 172 za mchanganyiko. Kama manukato ni asilimia 8 ya nta, basi ni gramu 159 za nta na gramu 13 za manukato. Pimeni kwa uzito daima, wala msipime kwa vijiko, kwa kuwa mafuta ya kunukia hayana uzito mmoja.

Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto wa gesi wala wa mkaa. Jagi likae ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, na wewe usiondoke. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Moshi mjini, ulio chini zaidi, kwenye nyuzi 97. Ndiyo maana nta huchukua muda kidogo kufika nyuzi 80 hadi 85 tunazozihitaji, na anayefuata maelezo ya watu wa pwani huanza kudhani jiko lake lina hitilafu. Vumilia, funika sufuria kadiri inavyowezekana, lakini usihamishie jagi kwenye moto. Ikitokea nta ikashika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, na kamwe usimwage maji, kwa sababu maji yatageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka jikoni kote.

Nta ikifika nyuzi 85, itoe, tia manukato, koroga polepole kwa dakika mbili kamili, kisha uiache ipoe hadi nyuzi 55 au 60 kabla ya kuimimina kwenye glasi ambayo utambi wake umekwisha gundishwa chini na kushikiliwa katikati na vijiti viwili juu. Baada ya hapo ni kusubiri. Mshumaa wa soya huonekana umekauka kesho yake, lakini ndani nta bado inajipanga, na harufu yake hukomaa baada ya wiki moja hadi mbili. Wengi hukosea hapa: huuwasha siku ya pili, husikia harufu hafifu, kisha huongeza manukato katika mkupuo unaofuata hadi nta inashindwa kuyashika na yanaanza kutoka juu kama jasho.

Kabla ya kumimina glasi kumi, mimina tatu zenye tambi tatu za unene tofauti, ziandike namba chini, na uzichome. Nitafurahi kujibu maswali.

Fundi wa Sakina (Arusha)

Dada, nakushukuru kwa maelezo yaliyonyooka. Mimi ni fundi wa mbao na ningependa kutengeneza vibao vya kuwekea mishumaa hii, lakini nimeona ni vyema nijue kwanza kazi yenyewe. Je, siwezi kutumia utambi wa jiko la mchina, ambao unapatikana kila duka na ni wa pamba? Au uzi wa kawaida wa pamba uliosokotwa mara tatu?

Nta na Utambi

Kaka, utambi wa jiko umetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hupanda haraka. Ukiuweka kwenye nta utapata mwali mkubwa na masizi mengi. Uzi uliosokotwa una tatizo jingine, kwamba unapowaka hubaki umesimama wima, ncha yake hujikusanyia kaa, na kaa hilo hukua kama uyoga. Zamani watu walilazimika kukaa na mkasi karibu na mshumaa kwa sababu hiyo. Mwaka 1825 Mfaransa aliyeitwa Cambacérès alileta utambi uliosukwa, na ule msuko huufanya ujikunje kidogo kando ya mwali, ambako ncha hupata hewa ya kutosha na kuungua yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujaribu kwa mikono yako, uzi wako usiwe msokoto, uwe msuko kama wa nywele, kisha uchovye kwenye nta ya moto na kuunyoosha hadi ukauke.

Hakikisha pia kwamba uzi ni pamba kweli. Choma kipande kidogo: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini, lakini uzi wa nailoni huyeyuka ukawa kitone kigumu. Hata ukisuka vizuri, bado utakata hadi milimita 5 au 6 kila kabla ya kuwasha.

Mwanamke wa Rau (Moshi)

Dada yangu wa Njiro, mimi nilianza mwezi Januari na nimekata tamaa mara mbili. Mishumaa yangu ilitoka mizuri, nikaiweka kwenye kabati karibu na dirisha, na siku za joto kali za Februari nikaikuta imetoa matone ya mafuta juu, na miwili ilikuwa laini kama siagi. Niliwahi pia kutuma sita kwa basi hadi Dar es Salaam, ikafika imelala upande mmoja. Je, tatizo ni nta niliyouziwa, au ni mji wetu?

Nta na Utambi

Pole sana, dada. Ni vitu viwili pamoja. Matone yale mara nyingi ni manukato yaliyozidi au mafuta ya soya yanayojitenga joto linapopanda na kushuka, na kabati lililo karibu na dirisha hufanya hivyo kila siku. Punguza manukato hadi asilimia 6, hifadhi mishumaa ndani ya boksi chini ya kitanda au mahali pengine penye giza na ubaridi, na unaposafirisha chagua basi la usiku. Kuhusu ulaini, nta ya chombo haiwezi kushindana na jua la Moshi ikiwa peke yake. Naona humu yupo Babu wa Kibosho ambaye anafuga nyuki, na ningependa tusikie kutoka kwake. Babu, shikamoo.

Babu wa Kibosho (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Mimi mishumaa ya soya siijui, lakini nta ya nyuki naijua tangu nikiwa kijana. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ndiyo maana haitaabiki kwa joto letu. Mjukuu wangu huchanganya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu tisa za soya, na mishumaa yake haijawahi kulala. Ila nta ya nyuki iwe imechujwa mara mbili kwa kitambaa. Watu wengi hununua nta yenye uchafu wa masega na mabaki ya asali, kisha wanalalamika kwamba utambi unazimika, na kumbe uchafu ndio umeziba utambi. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, iache igande juu, kwangua uchafu wa chini, kisha irudie. Halafu ikaushe kabisa, kwa sababu tone la maji ndani ya mshumaa hupiga mlio na kurusha cheche.

Nta na Utambi

Ahsante sana, Babu. Naongeza jambo moja tu kwa dada wa Rau: ukishatia nta ya nyuki, hata asilimia 10, mchanganyiko unakuwa mgumu zaidi, na utambi uliokuwa unatosha jana leo utakuwa mwembamba. Panda namba moja ya unene kisha uchome upya.

Mpya wa Usa River

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, mishumaa yangu ya mwezi Julai ilitokeza ukungu mweupe juu na pembeni, na sehemu nyingine nta ikaachana na glasi ikaonekana kama pameingia maji. Pili, ningependa mshumaa wenye harufu ya kahawa ya kwetu, nami nilichemsha kahawa nzito nikaichanganya na nta, lakini ilikaa chini yote. Rafiki alinishauri nimwage buni zilizokaangwa juu ili upendeze.

Nta na Utambi

Karibu. Ule ukungu mweupe ni tabia ya soya, nta ikiganda kwa fuwele za aina tofauti, na hauharibu mshumaa. Huwezi kuumaliza kabisa, ila unaweza kuupunguza. Asubuhi za Juni na Julai, jiko la huku kwetu likiwa na ubaridi wa kumtaka mtu avae sweta, nta huganda ghafla inapogusa glasi baridi, na hapo ndipo huachana nayo. Pasha glasi kwa kuziweka karibu na jiko hadi ziwe na uvuguvugu, usizipange moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, ziache sentimita kumi kati ya moja na nyingine, na ukishamimina zifunike kwa boksi ili zipoe polepole. Wanaotia rangi ndio husumbuliwa zaidi na ukungu huu, ndiyo sababu mimi huiacha nta iwe nyeupe. Na kwa kuwa tumegusa rangi, rangi ya chakula ni ya maji, haitachanganyika, na kalamu za rangi za nta za watoto huziba utambi.

Kahawa uliyochemsha ni maji, na maji na nta havikai pamoja, kwa hiyo ulichokiona ndicho kilichotarajiwa. Utahitaji mafuta ya kunukia yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Manukato ya kujipulizia mwilini msiyatie kamwe, kwani yana spiriti nyingi inayoshika moto. Na buni za juu, ninakusihi uziache. Mshumaa ukiwaka, buni huingia kwenye nta iliyoyeyuka, husogea hadi kwenye mwali na kuwa tambi nyingine. Picha zake ni nzuri, lakini mimi glasi yangu ya pekee iliyowahi kupasuka mezani ilikuwa na vijiti vya mdalasini juu yake. Nta ilimwagika hadi kwenye kitambaa cha meza, na ni bahati tu kwamba nilikuwa nimeketi pale pale.

Mdadisi wa Kijenge (Arusha)

Ninasoma kila mahali kwamba mshumaa wa soya hautoi moshi na kwamba parafini ni sumu. Je, tunaweza kuwaambia wateja hivyo?

Nta na Utambi

Mimi siwaambii. Kila mshumaa unaotoa mwali unaweza kutoa masizi, na wa soya wenye utambi mnene au mrefu kupita kiasi hutoa masizi kuliko wa parafini uliopangwa vizuri. Ninachoweza kumwambia mteja kwa moyo mweupe ni kwamba nta hii inatokana na mmea na kwamba glasi yake husafishika kwa maji ya moto na sabuni. Hata hapo, nta yenyewe isimwagwe kwenye sinki, kwa maana itaganda ndani ya bomba. Futeni majagi kwa karatasi yakiwa bado ya moto.

Mdadisi wa Kijenge

Na mtaji wa kuanzia?

Nta na Utambi

Bei hubadilika, kwa hiyo nitajibu kwa kilo. Kilo 2 za nta zinatoa glasi 12 za gramu 160. Kati ya hizo hesabu kwamba nne utazichoma mwenyewe kwa majaribio, wala usiziingize kwenye mapato. Anayeanza kwa kilo 20 huwa anatafuta wanunuzi kabla hajajua mshumaa wake unawakaje, halafu wanunuzi wanakuwa ndio wa kwanza kujua.

Mwanamke wa Rau

Nimerudi na majibu, dada. Nilitumia gramu 144 za soya na gramu 16 za nta ya nyuki iliyochujwa kama Babu alivyoelekeza, bila manukato, kwa kila glasi, katika glasi tatu za upana wa sentimita 7, tambi zikiwa zimepangwa kuanzia mwembamba hadi mnene. Niliziacha zikomae siku kumi na kuziwasha zote jioni moja kwa saa nne. Ya kwanza ilizama kabla saa mbili hazijatimia. Ya tatu ilianza kupaka masizi ndani ya saa moja, na glasi yake sikuweza kuishika. Ya pili iliacha ukingo wa nta wa nusu sentimita pembeni, nikadhani nayo imeshindwa, lakini jioni iliyofuata ukingo ule uliyeyuka wote, na dimbwi la nta iliyoyeyuka likawa na kina cha karibu sentimita moja. Kwenye mizani ilikuwa imepungua gramu 21 jioni ya kwanza.

Nta na Utambi

Basi umepata utambi wako, dada. Ukingo ule mdogo wa siku ya kwanza ni dalili nzuri, kwa sababu mshumaa unaposhuka chini glasi hukusanya joto zaidi, na utambi unaofika ukingoni mapema sana juu hugeuka mkali mno chini. Gramu 21 kwa saa nne ni kama gramu 5 kwa saa, kwa hiyo glasi yako itawaka takribani saa 24, ukiacha sentimita moja ya mwisho ambayo mteja hapaswi kuiwasha ili glasi isipate joto kali upande wa chini. Mwandikie hayo kwenye lebo, pamoja na kwamba asizidishe saa nne kwa mara moja.

Mwanamke wa Rau

Nimefurahi mno. Sasa nina chupa ndogo ya mafuta ya karafuu ya Pemba ambayo ilikuwa ikinisubiri tangu Januari. Nianze na kiasi gani?

Nta na Utambi

Karafuu ni kali, na kwa chumba cha kawaida asilimia 4 zinaweza kukutosha. Kwa gramu 160 za nta hizo ni gramu 6 na nusu hivi. Vaa glovu unapopima, kwani mafuta hayo huwasha ngozi. Yatie nta ikiwa nyuzi 85 na jiko likiwa limezimwa, ukoroge dakika zako mbili. Ila mafuta mazito hubadilisha namna nta inavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo mimina glasi moja tu kwanza, iache ikomae wiki mbili, uichome saa nne ukiwa na mizani pembeni, halafu utuletee gramu zake.